Kengele Iliyolia Mara Moja

Kila asubuhi, jua lilipoanza kukausha umande, Priscille alitandika mikeka uani na kumwaga chisense juu yake. Chisense ni wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru, wembamba kuliko kidole cha mtoto. Wakikauka vizuri hukaa miezi. Wakilowa mara moja tu, harufu yao inawafukuza hata paka. Kazi yenyewe haina ujanja: tandaza, geuza, fukuza kuku, geuza tena. Priscille alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila alipogeuza alinung'unika kidogo ili samaki wajue kwamba hakupenda.

Ulikuwa mwezi wa Novemba. Desemba ikianza, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, kwa hiyo mji mzima wa Nchelenge ulikuwa mbioni kukausha akiba. Mama yake, Maman Clémentine, alizaliwa Kilwa, ng'ambo upande wa Kongo, na aliishi kwa kuvuka ziwa. Alipeleka unga na sukari, akarudi na mafuta ya mawese na vitenge. Akiwa safarini, nyumbani walibaki Priscille na bibi yake, Kambo Dominique, mwanamke mcheshi mwenye masikio mazito na usingizi wa haraka.

Na kulikuwa na Eness, jirani wa upande wa pili wa ua wa matete. Pale Nchelenge mgeni hagongi mlango. Husimama nje ya ua, huita "Odi!" na kungoja mpaka aambiwe "Kalibu." Eness hakuwa mgeni. Alipita moja kwa moja mpaka barazani, akaangalia kama Kambo amekula, akageuza chisense bila kuombwa, akaondoka. Binti yake, Blessings, alisoma darasa moja na Priscille, na walicheza netiboli timu moja. Maman Clémentine alimwita Eness Mama Blessings, naye Eness akamwita bana Priscille, yaani mama yake Priscille.

Mambo yalibadilika pale mfanyabiashara mmoja alipovunjiwa ghala. Maman Clémentine alikosa amani. Akiwa Kilwa alipiga simu ya nyumbani asubuhi, mchana na jioni.

"Priscille, uko wapi? Mulango umefunga? Usitoke mu lupango, unasikia?"

"Niko, maman. Nimefunga."

Priscille hakutoka nje ya ua. Alikwenda shule, akarudi, akakaa. Ndipo alipomsikia mama akizungumzia kitu alichokiona Lubumbashi: soneti yenye kamera, kengele ya mlangoni inayomwonyesha mgeni kwenye simu ya mwenye nyumba, hata akiwa mbali. Macho ya Priscille yaling'aa. Alijiambia kwamba mama akiweza kuuona mlango mwenyewe, hatakuwa na haja ya kumfungia mtoto ndani ili aulinde. Akambembeleza mama wiki nzima. Masikini, alikuwa anaomba ufunguo, kumbe anaagiza kufuli.

Walikwenda dukani kwa Mathews, anayeuza simu na sola karibu na soko. Mathews aliweka maboksi matatu juu ya meza. Ya kwanza ilihitaji nyaya na umeme wa muda wote. Maman Clémentine alicheka.

"Umeme ya hapa? Ile itakuwa inalala kuliko Kambo."

Ya pili ilidai malipo ya kila mwezi, la sivyo haihifadhi picha. Priscille ndiye aliyegundua, maana alisoma maandishi madogo chini ya boksi. Ya tatu ilikuwa na betri inayochajiwa na kisahani cha sola, ilirekodi vipande vifupi vya video na kuvituma kwenye simu, na mtu aliweza kusema na mgeni kupitia kengele yenyewe. Wakaichukua hiyo, pamoja na kile kisanduku cha intaneti kinachotumia laini ya simu.

Kuifunga kulichukua Jumamosi nzima. Priscille aliichaji betri kwanza, akapima usawa wa kifua cha mtu mzima, akaikaza kwa skrubu pembeni mwa mlango. Akaelekeza simu kwenye kile kialama cha mraba, akaandika neno la siri la intaneti, akangoja taa igeuke kuwa ya buluu. Ilipogeuka, mama alipiga makofi. Lakini baraza lao lilitazama ziwa, na jioni jua la magharibi lilipomulika maji, kengele ilichanganyikiwa. Ilituma taarifa kwamba kuna mtu: kumbe kuku. Kuna mtu: kumbe kitenge kwenye kamba. Ikabidi Priscille aweke kipande cha ubao nyuma yake ili iiname kidogo, kisha kwenye simu achore eneo ambalo kengele itaangalia: baraza, uani, na kijia kinachopita kando ya jiko kwenda barabarani. Kambo Dominique alisimama mbele ya kengele, akaisalimia kwa heshima, akangoja ijibu.

Kitu kimoja hakuna aliyekifikiria. Mgeni wa Nchelenge haoni sababu ya kubonyeza kitufe ukutani. Husimama nje ya ua na kuita. Kwa hiyo kengele haikulia hata siku moja. Walioingia machoni mwake walikuwa wale wanaofika mpaka barazani, yaani Kambo, Eness, Blessings, na Priscille mwenyewe.

Mama alipokwenda tena Kilwa, ukuta ukaanza kusema kwa sauti yake.

"Priscille! Unaenda wapi?"

Priscille alikuwa na ndoo mkononi. Aliruka kwa hofu. "Ku maji, maman."

"Bon. Rudi mbio."

Kesho yake: "Juu ya nini unakaa apo? Geuza chisense." Kesho kutwa: "Ile robe unavaa ni ya Jumapili!" Akifagia, sauti. Akikaa kizingitini kuchana nywele, sauti. Blessings naye aliacha kuja, kwa kuwa kila alipokanyaga baraza, mlango ulimuuliza kama amemaliza kazi za kwao. Priscille aliona ua umekuwa mdogo. Alikuwa amejijengea gereza kwa mikono yake na kulikaza kwa skrubu nne, na hasira yake ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa hakuwa na wa kumlaumu.

Alhamisi moja kulikuwa na mechi ya netiboli dhidi ya shule ya Kashikishi. Angeweza kumwomba mama ruhusa. Lakini alikuwa na hakika atakataliwa, na mtu mwenye hakika ya kukataliwa huona uongo kuwa njia fupi. Alichukua ile simu ya nyumbani, yenye kioo kilichopasuka, akafungua mipangilio. Akakifuta kijia cha jikoni kwenye eneo la kuangaliwa. Kisha akazima sauti ya kengele, ya kuingia na ya kutoka, ili mlango usipige kelele nyuma yake. Kambo alikuwa amelala. Chisense zilikuwa mkekani, jua kali. Priscille akapita kando ya jiko na kukimbia.

Walishinda. Priscille alifunga mabao mpaka koo likamkauka kwa kushangilia. Blessings aliitwa nyumbani kabla ya kipenga cha mwisho, lakini katika furaha ile Priscille hakuuliza kwa nini. Alishtuka upepo ulipovuma kutoka ziwani na vumbi likainuka uwanjani. Wingu jeusi lilikuwa limeshafika juu ya paa za soko.

Alikimbia, mvua ikampata njiani. Alipofika karibu na kwao, alimwona Eness barabarani, kitenge kimefungwa kiunoni, anapanda minibasi pamoja na Blessings. Macho yao yalikuwa mekundu.

"Priscille! Iye, mwana!" Eness alipaza sauti dirishani. "Nilikuwa naita odi, odi, hakuna mutu! Chisense yenu nimekusanya mu beseni yenu, iko mu nyumba yangu. Nimefunga mulango. Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, amekufa ku Mununga, tunaenda ku kilio. Ambia bamayo, mama yako!"

Minibasi iliondoka. Priscille alifika uani akakuta mikeka imelowa chapachapa, na chisense chache tu zimebaki matopeni. Alifanya jambo moja haraka: alirudisha eneo lililofutwa, akawasha sauti. Sasa hata mashine haikujua alichofanya.

Jioni simu ililia. Maman Clémentine hakusalimia.

"Eness anakamata chisense yetu! Nimeona! Anainama, anaangalia huku na huku, anajaza beseni, anakimbia! Kiisha réseau, mutandao, imekatika. Wewe ulikuwa wapi?"

Priscille alikumbuka ile video kabla hata hajaiona. Bila sauti, odi ya Eness haikusikika. Na mwanamke anayeangalia kama wenye nyumba wako, anaonekana sawasawa na mwanamke anayeangalia kama wenye nyumba hawako.

"Nilikuwa mu nyumba, maman."

"Alikuita?"

Hapa ndipo njia ilipogawanyika, na Priscille aliliona hilo vizuri. Akisema ndiyo, mama atauliza kwa nini hakuitika. Jibu la swali hilo lilikuwa uwanja wa netiboli, kijia kilichofutwa na sauti iliyozimwa.

"Apana," alisema. "Hakuniita."

Neno lilikuwa dogo. Alidhani Eness atarudi kesho, atatoa beseni, wataelewana, na mambo yataisha kimyakimya. Lakini simu za akina mama wa ziwani zina mbio kuliko minibasi ya Mununga. Kabla ya usiku, Maman Clémentine alikuwa ameshaituma ile video kwa Ba Kabwe, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaokausha samaki ufukweni. Katika kikundi hicho kila mwanachama, Eness akiwa mmoja wao, ana kichanja chake, na kila mmoja huacha samaki wake juani mchana kutwa chini ya macho ya wenzake. Kitu kimoja kinawashikilia pamoja: hakuna anayegusa cha mwenzake. Mwanachama akishukiwa, hapewi nafasi tena.

Mama alirudi Jumamosi. Hakukaa hata kitako. Alikwenda nyumba ya Eness, akachungulia dirishani, akaliona beseni lao la buluu.

"Beseni yetu!" alilia. "Mutu nilimuachia mama yangu! Mutu anakula ku meza yangu!"

Hakuwa na hasira tu. Alikuwa ameumia, na hilo lilimchoma Priscille zaidi. Mchana ule ule kikundi kilikutana. Walikubaliana kwamba Eness akirudi, kichanja chake apewe mwingine. Eness hakuwa na mume wala biashara nyingine. Kichanja kile ndicho kilichomlisha Blessings na kumweka shuleni, na Desemba ilikuwa inabisha hodi.

Priscille hakula usiku ule. Jumapili kanisani alisimama na kuketi pale wengine waliposimama na kuketi, lakini hakusikia neno. Mara nyingi alisema "Maman," na mama alipogeuka na kusema "Nini?", alijibu "Hakuna." Kila saa iliyopita ilifanya maneno yawe mazito zaidi. Alhamisi angekiri utoro tu. Ijumaa angekiri utoro na uongo. Sasa angekiri kwamba alimwacha mtu aitwe mwizi huku akijua. Hakuweza kutoka alikoingia, na hakuweza kubaki humo pia.

"Mutoto ana homa," alisema Kambo, akimgusa paji la uso. "Ao ana neno."

"Hakuna neno, Kambo."

Kambo alimtazama kwa muda mrefu. Masikio yake yalikuwa mabovu, si macho.

Jumatatu alasiri, Maman Clémentine alikuwa anapanga vitenge sebuleni pamoja na Ba Kabwe, aliyekuja kuchagua cha kwake. Priscille alikuwa anapepeta mchele. Ghafla nyumba nzima ikasikia sauti ambayo haijawahi kusikika humo: mlio wa kengele, mwembamba na wa furaha, mlangoni na kwenye simu zote mbili kwa pamoja.

Hata Kambo aliinua kichwa. "Ni nini ile?"

Priscille aliichukua simu ya kioo kilichopasuka. Uso wa Eness ulijaa kioo chote, karibu kabisa, umechoka kwa kilio cha siku nyingi. Kichwani alikuwa na beseni la buluu lililofunikwa kitenge. Nyuma yake alisimama Blessings, ameinamisha macho.

"Odi," sauti ya Eness ilitoka ukutani. "Nimefika na ka basi, banamayo, bale banawake ba samaki, banageuza uso. Banasema bana Priscille hataki tena mutu aingie kwake bila machine. Basi nimefinya machine. Ni miye, Eness. Nimeleta chisense yenu. Iko kavu."

Miaka yote ile Eness hakuwahi kungoja kukaribishwa katika nyumba hii. Sasa alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi, akingoja ruhusa.

Maman Clémentine alikuwa ameshainuka, mdomo wazi kwa maneno makali. Priscille alimtangulia. Alisimama kizingitini, kati ya mama yake na jirani yao.

"Maman, aliniita!" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Aliita odi, odi. Mimi sikukuwa mu nyumba. Nilienda ku netiboli. Nilizima sauti ya soneti, nilifuta kijia, juu usinione. Mvua ilikuwa inakuya, ndiyo Mama Eness akaokoa chisense. Aliniambia palepale, mbele ya kupanda gari. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilijua yote, maman."

Ba Kabwe alikiweka chini kitenge alichokuwa anakipima. Maman Clémentine alimtazama binti yake, akatazama beseni, akatazama kile kidude cha ukutani alichokuwa amekiamini kuliko mtu.

Eness alitua beseni taratibu. "Mayo," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo banasema mimi mwizi? Mimi niko ku kilio cha yaya yangu, huku natupwa?" Na machozi yakamtoka upya.

Priscille alipiga magoti mbele yake, kama wanavyofanya watoto wa pale mbele ya wakubwa. "Nisamehe, Mama Eness."

"Nitakusamehe," alisema Eness, akijifuta machozi. "Lakini si mimi peke yangu nilisikia ile bongo, ule uwongo wako. Utaenda kusema ku bale bonse balisikia."

"Na mimi nitaenda naye," alisema Maman Clémentine. "Yeye alidanganya, ni kweli. Lakini video ni miye niliituma. Wewe jirani yangu, sikukungojea hata nikuulize neno moja."

Walikwenda ufukweni wote, jua likiwa bado juu ya maji. Wanawake waliacha kugeuza samaki na kuwazunguka. Kusema mbele ya mama mmoja kulikuwa kugumu. Kusema mbele ya kikundi kizima kulikuwa kugumu mara kumi. Alisema hata hivyo, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka kijia kile wala lile neno dogo. Blessings alisimama pembeni, akimsikiliza bila kumsaidia. Alipomaliza, Ba Kabwe alichukua mkeka wa mtu mwingine uliokuwa umeshatandikwa juu ya kichanja cha Eness, akaukunja kwa mikono yake mwenyewe.

"Hiki ni cha Eness," alisema. "Neno limekwisha."

Njiani kurudi, Maman Clémentine alimshika Priscille mkono.

"Sikiliza, mutoto wangu. Ile machine ilionyesha mutu anabeba beseni. Haikuweza kujua anabeba juu ya sababu gani. Wewe ulijua. Siku ile ukinyamaza, ulimufunga Mama Eness, na wewe mwenyewe ukajifunga pamoja naye. Uliona vile unashindwa kula? Ile ndiyo bongo: unaingia ndani mbio, kutoka ni shida, na kila siku mulango unakuwa mudogo. Sema kweli siku ya kwanza, ata kama nitakugombeza. Magombezi inapita."

"Ndiyo, maman."

"Na siku ya mechi, niombe. Nilikufunga sana, naona. Nitasema ndiyo ao nitasema apana, lakini utajua unatembea na ruhusa."

Mpaka uvuvi ulipofungwa Priscille aligeuza chisense za nyumba mbili, zao na za Eness, na hakunung'unika. Blessings alichukua muda zaidi kumrudia. Siku alipomrushia mpira bila kusema kitu, Priscille alijua wamepatana.

Kengele haikung'olewa. Waliisogeza ikaangalie mlango wa stoo, mahali penye unga na sukari, na baraza likabaki baraza. Sauti iliachwa wazi. Wiki moja baadaye, Maman Clémentine akiwa Kilwa, wingu lilijikusanya tena juu ya ziwa. Eness alipita uani mbio, akakusanya mikeka pamoja na Priscille, akakimbilia stoo na beseni kichwani.

Ukuta ukasema: "Mama Blessings! Kalibu, kalibu!"

Eness alicheka mpaka beseni likayumba.

"Nimekwisha kuingia, bana Priscille," aliujibu ukuta. "Wewe angalia mvua yako."

Na matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.